Mkanda Mkononi mwa Mke wa Fundi Saa

Sehemu ya tisa

"Mke wangu asijue."

Maneno hayo matatu ndiyo tuliyoachana nayo wiki iliyopita. Chachu aliyakuta mlangoni, mguu mmoja ndani ya kibanda cha mumewe, mguu mwingine nje, mchana kweupe. Mumewe, fundi saa, alikuwa ameinamia meza yake ya kazi. Kiganjani mwake kulikuwa na mkono wa mwanamke.

Mwanamke mwenyewe alikuwa msusi, rafiki wa Chachu tangu wakiwa dawati moja. Na alikuwa amekaa kwenye kigoda ambacho Chachu hukalia kila anapomletea mumewe chakula.

Mlioniandikia mkitaka arudi nyumbani akalie kwanza, poleni sana. Chachu aliuingiza na mguu wa pili.

"Asijue nini?"

Kibano kilimponyoka fundi kikagonga kioo cha meza. Aliinua kichwa akiwa na kioo chake cha kukuzia jichoni, kwa hiyo jicho moja lilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Siku nyingine Chachu angecheka.

"Umerudi mapema," alisema fundi.

"Nimeona."

"Karibu, shoga," alisema msusi, akauvuta mkono wake taratibu.

"Unanikaribisha kwa mume wangu?"

"Kwa shemeji yangu."

"Na shemeji siku hizi unamshika mkono?"

"Sijamshika. Nimeshikwa."

Chachu akautazama huo mkono ulioshikwa. Kwenye kifundo kulikuwa na mkanda mwekundu.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo tu, hebu nikuambie upesi. Mji mzima unamsubiri mwimbaji aitwaye Kinubi. Tiketi za onyesho lake si karatasi, ni mkanda wa mkononi. Ukishauvuta ukakaza, haufunguki tena. Unakatwa, na ukikatwa huingii. Wa kijani ni wa kusimama nyuma kabisa, na huo peke yake ulimeza mshahara wa Chachu wa mwezi mzima kwenye kiwanda cha mikate, anakokanda unga hadi wenzake wakampa jina hilo la Chachu. Mwekundu ni wa viti vya mbele, pale ambapo Kinubi akikohoa unasikia. Mwekundu wananunua watu wasiouliza bei.

Chachu na msusi walinunua wa kijani siku moja, wakaufunga papo hapo dukani ili watu wawaone. Jumamosi ya onyesho ikafika, waandaaji wakasema limeahirishwa wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, wakasema mwisho wa mwezi. Waliodai pesa zao walijibiwa kwamba pesa inarudi kwa mkanda ambao haujafungwa. Waliofunga wakabaki nao mkononi, wanaoga nao, wanapika nao, wanazika nao. Leo ni wiki ya sita.

Sasa niseme ukweli, na Chachu anisamehe. Wivu wa kwanza uliomkamata pale mlangoni haukuwa wa mume. Ulikuwa wa ile rangi nyekundu. Wivu wa mume ulifuata nyuma yake, mbio, na ulipofika ukaukuta mwenzake umeshakaa.

"Umeutoa wapi huo?"

"Nimeuziwa na mteja," alisema msusi.

"Na wa kijani uliukata lini?"

Msusi aligeuza uso. Chachu akafuata macho yake hadi mezani. Mkanda wa kijani ulikuwa umelala pale katikati ya saa zilizopasuliwa, mzima, bila jeraha. Aliuokota. Aliuzungusha mara mbili. Haukuwa umekatwa popote.

Akamgeukia mumewe.

"Umeufungua."

"Ndiyo."

"Unajua kuifungua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

Fundi alivua kioo jichoni. "Alikuja dereva wa lori, mkono umemvimba. Nikajaribu na bisibisi ya saa. Ndani kuna vijino vitatu tu, ukivisukuma kwa mpigo vinaachia."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Wiki ya pili."

Chachu aliweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, juu ya saa za watu, na kumwonyesha mkanda wake mwenyewe. Usingeweza kusema tena kuwa ni wa kijani. Ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, umekauka unga kwenye mishono, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu.

"Huu nao umeuona?" aliuliza. "Wiki nne nzima unajua kuufungua, na mimi kila asubuhi naufunga mfuko wa nailoni ndio nikakande? Leo mteja amerudisha mkate una uzi wa kijani ndani. Unajua msimamizi amesemaje? Kesho alfajiri nije na mkono mtupu au nisije kabisa. Nimetembea kutoka kiwandani hadi hapa nikijiuliza nipoteze kazi au nipoteze onyesho. Kumbe dawa nalala nayo."

"Sikujua habari ya kazi."

"Nilikwambia mara tatu."

"Ulisema msimamizi analalamika. Msimamizi wako analalamika tangu nilipokuoa."

Msusi alisimama. "Ngoja niwaache muongee."

"Kaa," alisema Chachu. "Ulikuwepo nilipokuwa sipo. Kuwepo na sasa."

Msusi akakaa.

"Kwa nini hukuniambia?" Chachu alimuuliza mumewe. "Nipe sababu moja."

Fundi saa ni mtu wa maneno machache, anayeweza kukaa na saa moja siku nzima asiseme hata "mmh". Alichukua kitambaa akafuta kibano ambacho hakikuwa kichafu.

"Nilitaka uukate," alisema.

"Niukate?"

"Mwenyewe. Kwa hiari yako. Siku moja uniambie nimechoka naye."

"Naye nani?"

"Huyo Kinubi wako."

Msusi alitazama dari. Chachu alimkodolea fundi macho. Mumewe hajawahi kumwonea wivu dereva wa mikate, ambaye ni kijana na ana meno mazuri. Hajawahi kumuuliza habari za jirani wa chumba cha pili. Anamwonea wivu mtu wa kwenye bango.

"Ndiyo, cheka," alisema fundi, ingawa hakuna aliyecheka. "Kutwa kucha uko naye mkononi. Ukioga unamfunika asilowe. Mimi juzi nilirudi nimelowa chapachapa, hukuniuliza. Saa niliyokuvisha siku niliyokuchumbia iko kabatini, kwa sababu mkono una mgeni. Nikasema ngoja. Mkanda utamchosha, waandaaji watamchosha, atakata mwenyewe. Wiki ya tatu hukukata. Wiki ya nne hukukata. Ningekufungulia, ningekuwa nimekutunzia yeye."

Moyo wa Chachu ulilainika, nakiri. Miaka minane ya ndoa na hajawahi kusikia maneno mengi hivyo kutoka kwa mdomo ule. Lau angeishia hapo, hadithi yetu ingekwisha leo na mhariri angenitafutia kazi nyingine.

Lakini Chachu alimtazama msusi, aliyetulia na mkanda wake mwekundu safi, na swali likamtoka.

"Na yeye ulimfungulia kwa muda gani?"

"Nani?"

"Huyu hapa."

Fundi akafikiri, kwa uaminifu wake wote wa kijinga. "Dakika mbili."

"Dakika mbili," alisema Chachu. "Mimi wiki nne, yeye dakika mbili."

"Shoga, mimi nimekuja kama mteja."

"Mteja hakalii kigoda changu."

"Kiko kimoja tu, nikae wapi?"

"Ungesimama. Tulilipia kusimama, mimi na wewe. Tuliapa tutasimama pamoja, tukibanwa tubanwe pamoja. Umepata cha mbele, hukuniambia hata kwa simu."

"Ningekwambia ungenifurahia?"

Chachu alitaka kusema ndiyo. Lakini ingekuwa uongo. Alikuwa anautaka mkanda ule mwekundu kiasi kwamba vidole vilimwasha, na msusi, aliyemjua tangu utotoni, aliliona hilo usoni pake kama mtu anavyosoma kibao cha duka.

"Basi bora ujue yote," alisema msusi, na sasa sauti yake ilikuwa na makali kidogo. "Shemeji, mwambie na wa pili."

"Wa pili upi?" aliuliza Chachu.

Fundi alikuwa ameshaanza kufuta kibano tena.

"Mteja wangu alikuwa na miwili," alisema msusi. "Wake na wa mchumba wake. Tarehe zimewachosha, wamesafiri zao, wakaniuzia. Wake alikuwa ameshauvaa, nikamleta hapa akafunguliwa, ndio huu nilionao. Wa mchumba haujafungwa bado. Huo ni malipo ya fundi."

"Fundi analipwa kwa mkanda?"

"Aliuomba mwenyewe."

Chachu aligeuka polepole sana. "Wewe? Wewe unayezima redio akiimba?"

"Nilitaka nimwone kwa karibu," alisema fundi. "Nijue ana nini."

"Kwa karibu wapi?"

"Mbele."

"Viti vya miwili hiyo viko wapi?"

Fundi alimtazama msusi. Msusi ndiye aliyejibu. "Viko pamoja."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa la mke asijue. Mume na rafiki, bega kwa bega kwenye viti vya mbele, na Chachu nyuma kabisa akisimama kwa vidole vya miguu aone kisogo cha mtu. Na visogo viwili katika hivyo angevijua.

Nyote mnaoona Chachu ana hasira za bure, jiwekeni hapo kwanza.

"Nipe mkono," alisema fundi kwa unyonge. "Nikufungue, kesho uende kazini. Mengine utanitukana tukifika nyumbani."

Chachu alikuwa na la kusema, lakini alikuwa na kazi ya kuokoa pia. Alikaa kwenye kigoda, baada ya msusi kukiacha bila kuambiwa. Fundi alirudisha kioo jichoni, akaingiza bisibisi nyembamba kama sindano chini ya kifungo, akasukuma. Klik. Mkanda ulifunguka. Chini yake palikuwa na duara la ngozi nyekundu iliyochubuka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita Chachu akajikuna mpaka macho yakamlegea.

Kazi yote ilichukua dakika mbili; Chachu alizihesabu kichwani, na kila moja ilimuuma upya.

Ndipo simu zikaanza kulia.

Ililia ya msusi kwanza, kisha ya Chachu, kisha barabara nzima. Ujumbe ulikuwa mmoja, kutoka kwa waandaaji. Kutokana na ratiba ya msanii, onyesho lililopangwa mwisho wa mwezi sasa litafanyika leo, saa kumi na moja jioni. Tunaomba radhi kwa usumbufu.

"Leo?" alisema msusi. "Leo hii?"

Saa zote za kibandani, zile zinazotembea, zilisema ni saa nane na nusu. Nje kinyozi wa mkabala alimwacha mteja na nusu ya kichwa akaanza kufunga duka. Mwanamke mmoja alisimama katikati ya barabara akiwaambia watu kwamba ameomba likizo ya mwisho wa mwezi, amebembeleza, amepewa, sasa afanye nini. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu, kila mtu alikuwa anakimbia.

Chachu alinyoosha mkono.

"Lete."

Fundi aliuchukua ule wa kijani auvishe upya.

"Si huo," alisema Chachu.

"Upi?"

"Malipo yako."

Mumewe alimtazama muda mrefu. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akautoa mkanda mwekundu, mpya, bado una mkunjo wa kiwandani. Hakuuvisha. Aliuweka mezani, na kuondoa mkono wake.

Chachu aliuvaa mwenyewe. Alishika ncha moja kwa meno, akavuta, akakaza.

"Kesho alfajiri utanifungua," alisema, "kwa dakika mbili, kama unavyowafungulia wenzangu."

"Nitakufungua. Na leo unakwenda kukaa naye huyu?" Fundi alimwonyesha msusi kwa kidevu.

"Viti si viko pamoja?"

Fundi akaokota mkanda wa kijani wa mkewe, mchafu vile vile, unga na yote. Akauzungusha kwenye kifundo chake na kuubana kwa kibano.

"Unafanya nini?"

"Nitasimama nyuma," alisema. "Nataka kuona utakavyomtazama."

Saa kumi na nusu walikuwa getini, wote watatu, hawasemeshani. Kulikuwa na foleni mbili zilizotenganishwa kwa uzio wa chuma wa kufika kiunoni. Ya wekundu ilikuwa fupi, na inapita kwenye zulia. Ya kijani ilizunguka uwanja na kupotea. Watu walisukumana wakilaani waandaaji, wakilaani bei, wakilaani na Kinubi mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye mstari. Fundi, ambaye hakuwahi kusukumana popote maishani, alitanguliza bega hadi akafika mbele sambamba na mkewe. Uzio tu ulikuwa kati yao.

"Shati lako limechanika," Chachu alimwambia.

"Najua."

Ndani ala zilianza kujaribiwa. Ngoma moja, kisha gitaa. Umati ukavuma, na fundi akamwona mkewe alivyogeuza shingo kuelekea sauti ile, haraka, kama mtu aliyeitwa. Alikunja uso akatazama chini.

Msusi alionyesha mkono wake. Mlinzi aliutazama juu juu, akamwambia apite. Chachu akaonyesha wake. Naye akaambiwa apite.

Upande wa pili wa uzio, mlinzi mwingine alikuwa ameushika mkono wa fundi, na hakuwa anautazama juu juu.

"Huu umechokonolewa," alisema mlinzi. Aliugeuza kifungo kwenye mwanga. "Tazama mikwaruzo. Mzee, nani alikufungulia huu?"

Fundi alivikunja vidole vyake.

"Tumeambiwa kuna mtu mjini anafungua mikanda ya watu, inauzwa mara mbili mbili. Waandaaji wanamtaka. Wakimaliza naye wanampeleka kituoni." Akaugeuza mkono wenyewe, akaona vidole vyenye mafuta ya saa na makovu madogo madogo ya bisibisi. "Kazi yako nini?"

"Fundi saa."

Mlinzi alitabasamu, akamwita mwenzake. "Njoo uone nimepata nini."

"Mkanda ni wa mke wangu," alisema fundi. "Sikuuiba. Alinunua kwa pesa yake. Yule pale, mwulizeni."

Alinyoosha kidole juu ya uzio. Walinzi wote wawili wakamgeukia Chachu, aliyekuwa hatua tatu ndani ya geti, zulia chini ya miguu yake.

"Mama," alisema wa kwanza, "huyu ni mumeo? Sema ukweli. Kama ni wako, rudi huku, na huo mkanda tuukate. Watu wa nyumba moja tunawachukua wote. Kama humjui, endelea, unaziba njia."

Fundi hakumwomba. Alimtazama tu, kwa macho yale yale aliyomtazama nayo alipouweka mkanda mezani. Wiki sita alikuwa anasubiri mkewe achague, na sasa watu wasiowajua walikuwa wamemletea siku yenyewe getini.

Chachu aliwaza alfajiri na mkono mtupu mbele ya msimamizi. Aliwaza mshahara wa mwezi. Aliwaza dakika mbili, na kigoda, na viti viwili vya pamoja, na wivu ule uliokuwa umemkaa tangu mchana ukamzidi nguvu. Nyuma yake gitaa lilianza wimbo wa kwanza na uwanja mzima ukapiga kelele.

"Simjui," alisema Chachu.

Fundi alifumba macho.

"Mimi namjua."

Alikuwa msusi. Alikuwa ameshapita, ameshafika mbali, na amerudi. Alipita mbele ya Chachu bila kumgusa, akaurusha mguu juu ya uzio, akashukia upande wa kijani. Akamnyooshea mlinzi mkono wenye mkanda mwekundu.

"Kata," alisema. "Nakwenda naye."

"Haendi naye mtu baki," alisema mlinzi. Alitoa daftari mfukoni na kalamu nyuma ya sikio. "Ni nani wako huyu?"

Msusi alimtazama Chachu kwanza. Akamtazama fundi. Kisha akamgeukia mlinzi.

"Andika mume wangu."

Kalamu iliandika. Fundi saa alikuwa na nafasi ya kukanusha, na mkewe alikuwa hatua tano tu kutoka kwake, akisubiri asikie. Hakukanusha.